Tangazo la Ukurasa wa Ndani

Tangazo la kumtafuta mtu likikoma, ina maana mtu huyo amepatikana, au anayemtafuta amechoka? Swali hili limeninyima usingizi mwezi mzima huu wa baridi. Ninalala chali, ninaligeuza upande huu na upande ule, ninajijibu, kisha ninalipinga jibu langu mwenyewe mpaka nisikie treni ya kwanza ikielekea mjini. Linaloniudhi zaidi ni kwamba swali lenyewe si jipya. Nililiuliza kwanza nikiwa mtoto wa darasa la nne, katika kiti cha nyuma cha gari la Baba, na Baba hakuwa na jibu. Sasa hata kama amelipata, hawezi kunipa.

Kiharusi kilimpata wiki chache baada ya mahafali yangu. Kilimwachia mkono wa kushoto, mguu mmoja unaomtii, na neno moja. Neno lenyewe ni "sawa". Ukimuuliza kama ana njaa, anasema sawa. Ukimuuliza anaumwa wapi, sawa. Analisema kwa upole uleule aliokuwa nao zamani, huku macho yake yakikutazama kana kwamba ameshakueleza kila kitu na anasubiri tu uanze kukifanya.

Kwa kuwa hawezi tena kupanda ngazi, Mama aliamua gereji igeuzwe kuwa chumba chake, na gereji ilikuwa imejaa magazeti. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akayatazama yale maboksi yaliyopangwa mpaka juu. "Mwanangu," akasema, "hapa hawaenei wote. Ama karatasi, ama baba yako." Akacheka kidogo, kisha akaingia ndani haraka, nami nikajua kicheko kile kitaishia wapi. Nikalifungua boksi lililokuwa karibu ili nione kuna nini, ingawa nilijua vizuri sana. Harufu ikanipanda: nguo iliyokaa sandukuni muda mrefu, vumbi, na kwa mbali utamu fulani kama wa vanila. Nikaketi sakafuni. Nilikuwa na umri wa miaka tisa tena, na kulikuwa na mtoto aliyepotea ambaye ni mimi peke yangu niliyejua kuwa anatafutwa.

Wenzangu mliokulia huku Sydney mnajua baba zetu walijipumzisha kwa nini: mpira, siasa za nyumbani kwenye simu, nyama choma bustanini siku ya jua. Wangu alikuwa na magazeti ya Marekani ya karne ya kumi na tisa. Rafiki zangu wakija nyumbani kwetu Minto niliwaambia gereji ina nyoka, ili nisilazimike kueleza.

Hakuanza yeye. Baba alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, na mmoja wao alikuwa Mzee Colin wa Quakers Hill, mtu aliyekusanya magazeti hayo maisha yake yote. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, akamfundisha Baba kuyashika: usilambe kidole, usilifungue gazeti hewani, liweke mezani ulifungue kama unavyomvua mtoto mgonjwa shati. Alipofariki, watoto wake walikuwa wameshaagiza pipa kubwa la takataka. Wakamwambia Baba achukue anachotaka kabla lori halijafika. Siku hiyo gari letu lilirudi nyumbani likiwa limeinamia nyuma, na Mama akatoka nje akidhani tumepewa mchele.

Kulikuwa na kazi moja ambayo Baba aliipenda kuliko zote, nayo ni kuyaosha. Magazeti ya zamani zaidi yalitengenezwa kwa matambara ya nguo, kwa hiyo hayaogopi maji. Baba aliijaza hodhi ya bafuni maji vuguvugu, akalilaza gazeti kati ya nyavu mbili za dirisha, akalizamisha taratibu. Maji yaligeuka rangi ya chai. Alikuwa akipiga magoti kando ya hodhi hiyo, mikono ya shati ameikunja. Mama akipita na taulo begani alisimama kumwangalia. "Wanaume wenzio wanaogesha watoto wao," alimwambia siku moja. "Wewe unaogesha magazeti." Baba akamjibu kuwa gazeti angalau halilii sabuni ikiliingia machoni. Mimi nilisimama nyuma ya Mama, nikiwa sijaoga, nimefurahi.

Magazeti ya baadaye hayakuoshwa. Hayo yalitengenezwa kwa miti, yalikuwa ya kahawia, na ukiyagusa pembeni yanakuachia unga vidoleni. Baba alinieleza yote haya, lakini nadhani nilikuwa nikitazama mikono yake badala ya kusikiliza, kwa sababu kilichobaki kichwani mwangu kilikuwa kinyume kabisa. Kwa akili yangu, karatasi nyeupe na ngumu ilikuwa ya juzijuzi, na ile ya kahawia inayomeguka ndiyo ya kale. Kila kitu kingine nilichokijua duniani kilikwenda hivyo.

Jioni nilimsomea. Kiingereza cha Baba kilimtosha kazini, lakini herufi zile zilikuwa ndogo kama sisimizi na zimebanana, na sentensi zilikuwa ndefu kiasi cha kumpotezea njia. Niliketi juu ya kreti karibu na hita, nikasoma, kisha nikamweleza kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. Nilikuwa mmoja wa watoto wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Gerejini Baba hakunikubalia. Nikisema neno kwa Kiingereza alingoja tu, akipangusa miwani yake, mpaka nilipate la kwetu. Kiswahili ninachoandikia hapa kilianzia juu ya kreti lile.

Tulisoma kuhusu bei ya pamba, ng'ombe waliopotea, dawa inayotibu kila ugonjwa ikiwemo huzuni. Halafu jioni moja nikafika kwenye safu ya mwisho ya ukurasa wa ndani. Ilikuwa karatasi moja tu, imebanduka kutoka kwa wenzake, juu ina jina la gazeti lakini haina tarehe popote, nyeupe kama daftari la shule. Katika safu hiyo kulikuwa na tangazo la mama aliyeitwa Liza. Anamtafuta binti yake, Harieti. Waliishi Virginia. Mtoto aliuzwa kwa mfanyabiashara akapelekwa kusini, naye mama mara ya mwisho alimwona nyuma ya gari la farasi, amevaa gauni la buluu. Tangu siku hiyo hajasikia neno lolote kumhusu. Mwenye habari aandike kupitia kanisa fulani. Na mwisho kabisa: wachungaji wanaombwa wasome tangazo hili makanisani mwao.

Baba aliniomba nisome tena. Nikasoma. Akaivua miwani akaishika mkononi. Kisha akasema kwa leo inatosha, niende nikalale.

Sasa inabidi niwaeleze kuhusu Jumapili zetu, maana bila hizo mtanicheka bure. Baba yangu ni Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, na huko ndiko alikomwoa Mama, binti wa Kasulu. Kanisa letu hapa lilikuwa ukumbi wa kukodi kule Ingleburn, kati ya karakana ya vioo vya magari na ghala la mazulia. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada na kabla ya chakula, vifuniko vya masufuria viliachwa vimefungwa na watu wote wakaketi tena. Mama Espe alisimama mbele. Alikuwa mjane mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya bonde. Aliuliza jambo moja: "Nani ana mtu wake?"

Mwenye mtu wake alisimama. Alitaja jina la anayetafutwa, majina ya wazazi, mlima walikotoka, kambi kama ipo, na nguo aliyoonekana nayo mara ya mwisho. Alipomaliza, ukumbi wote ulijibu kwa pamoja, "Tumesikia." Basi. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyemshika mtu bega. Mama Espe aliuliza kama kuna mwingine. Mara chache sana mtu alipatikana: jirani ana shemeji Perth, shemeji anasali na mtu mwenye jina hilo, simu zinapigwa, watu wanalia. Hilo lilitokea mara moja mbele ya macho yangu, nami nikaamua kwamba huo ndio utaratibu, kwamba ukitangaza vizuri mtu hupatikana, na wasiopatikana wametangazwa vibaya.

Baba alisimama kila mwezi. "Anatafutwa Domitila, binti wa Rufino na Melaniya. Ni mdogo wangu. Mara ya mwisho alikuwa amebebwa mgongoni na mama mmoja jirani, tukivuka mto. Gauni la njano, lina mfuko mmoja. Ana kovu chini ya kidevu." Sikuwahi kumsikia akiongeza wala kupunguza. Domitila nilimjua kuliko binamu zangu walio hai. Nilimchora shuleni, gauni la njano, na mwalimu alipouliza ni nani nikasema ni shangazi yangu, ana miaka sita.

Kwa hiyo tangazo la Liza halikunishangaza hata kidogo. Nililijua umbo lake. Jina, wazazi, mahali, gauni. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini Jumapili iliyofuata mchungaji hakulisoma, wakati gazeti limeomba waziwazi. Nilimtazama Baba nikidhani atamkumbusha. Hakufanya hivyo. Nikaanza kuwaza, na mimi nikianza kuwaza sina breki mpaka leo. Niliwaza kwamba labda Baba anaogopa watu wakianza kumtafuta Harieti watasahau kumtafuta Domitila. Niliona ana haki ya kuogopa. Lakini pia niliona Liza ameketi mahali fulani akingoja, na karatasi yake iko gerejini kwetu, ndani ya mfuko wa plastiki, haimfikii mtu.

Nilijaribu mwenyewe. Stesheni ya Minto nilimfuata mwanamke mmoja mweusi mwenye gauni la buluu mpaka kwenye ngazi, nikamuuliza kama anaitwa Harieti. Akasema hapana mpenzi, akaniuliza kama nimepotea. Kitandani nilihesabu watu wote weusi niliowajua Sydney, nikiwapima umri. Nilipata maumivu ya tumbo ambayo daktari hakuyaelewa. Mama alinipa uji na kuniambia nipunguze peremende. Ningemwelezaje? Nilikuwa ninajua habari ya mtu, na habari hiyo ilikuwa inanioza tumboni.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ikafika. Baba akasimama, akamtangaza Domitila, tukajibu, akaketi. Mama Espe akauliza, "Kuna mwingine ana mtu wake?"

Nikasimama. Nilihisi joto la mkono wa Baba karibu na mgongo wangu, lakini hakunivuta.

"Wewe una nani, mama?" akaniuliza Mama Espe, bila kucheka.

Nikasema ninaye mmoja. Harieti, mtoto wa Liza.

"Wa kambi gani?"

"Virginia."

Mzee aliyekuwa mbele yetu akamgeukia mwenzake akamuuliza kama hiyo si ile kambi ya Zambia. Mwenzake akasema Zambia anaijua yote, amekaa huko miaka, hiyo itakuwa Malawi. "Wewe Zambia ulikaa rumande," mzee akamwambia, "utaijuaje yote?" Watu wakacheka, vikombe vikalia. Mama Espe akainua kiganja, wakanyamaza.

"Alipotea vipi?"

"Aliuzwa," nikasema.

Kwangu hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mtaani kwetu kila mwezi kulikuwa na nyumba yenye kibao mbele kinachosema imeuzwa, na watu waliokuwemo huwaoni tena. Nilidhani Harieti aliachwa ndani kwa bahati mbaya. Lakini ukumbi ulinyamaza kwa namna nyingine. Mwanamke mmoja akasonya taratibu. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba wapo, wapo watoto walioondoka hivyo, yeye anawajua. Hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi. Mama Espe akaniuliza gauni, nikasema buluu. Akaniuliza kama mama yake yu hai, nikasema anangoja.

"Tumesikia," wakasema wote.

Kisha, baada ya wote kumaliza, nikaisikia sauti ya Baba peke yake, imechelewa. "Tumesikia."

Hatukukaa kula. Ndani ya gari Mama alikuwa mbele, amemshika mdogo wangu aliyelala, naye alimtazama Baba tu. Tukafika kwenye taa nyekundu karibu na maghala. Baba akaniuliza, akiniangalia kwenye kioo, kwa nini nimemtangaza yule mtu. Nikamwambia gazeti ndilo lililosema wachungaji watangaze, na mchungaji wetu hakutangaza, na yeye Baba pia hakutangaza. Nikaanza kulia kabla sijamaliza.

Aliniambia ukweli pole pole, kwa Kiswahili chepesi, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyombo. Kwamba gazeti lile ni la zamani sana. Kwamba ni jeupe kwa sababu ni la matambara. Kwamba Liza na Harieti wote wawili walikufa kabla bibi yake mwenyewe hajazaliwa. Kwamba zamani huko Marekani watu waliuzwa utumwani, watu kama sisi, na vita vilipoisha wakaachiwa huru, mama zao wakaanza kuwatafuta kwenye magazeti.

Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi, Baba akaondoka.

"Kwa hiyo sasa hawatangazi tena," nikasema. "Si ina maana alipatikana?"

"Labda."

"Au mama yake alichoka?"

Mama akasema niache maswali, baba yangu anaendesha. Baba akaendesha. Tulipita mzunguko wa barabara, tukapita duka la mikate, na nilipokuwa nimeshadhani ameacha kunisikia, akaniambia, "Sijui, mama. Sijui kabisa." Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akishindwa namna ile. Nilitamani nilirudishe swali langu mdomoni.

Miaka mingi nilisimulia kwamba Baba aliyakusanya magazeti kwa ajili ya kumbukumbu ya Mzee Colin. Ndivyo nilivyowaambia marafiki wa chuo, ikawa hadithi nzuri ya kusimulia mezani. Ni siku ile tu, nikiwa nimeketi kwenye sakafu ya gereji na boksi mapajani, ndipo nilipoona nilichokuwa nikikiruka. Bahasha kutoka Marekani zilianza kufika baada ya Jumapili ile. Kabla ya hapo Baba alitunza tu alichopewa. Baada ya hapo alianza kutafuta, na hakutafuta magazeti yoyote. Lilikuwa gazeti moja tu, lile lenye tangazo la Liza, toleo baada ya toleo, kadiri wauzaji walivyoyapata. Nilikuwa nimemuuliza kitu, naye alikuwa anajaribu kunijibu.

Na tangazo lilikuwemo. Nilikuwa bado mtoto tulipolipata la pili, tukaruka gerejini kama waliofunga bao. Halafu tukalipata jingine. Maneno yalikuwa yaleyale, gauni lile lile la buluu, ila kadiri matoleo yalivyoendelea karatasi ilikuwa inabadilika, wakiacha matambara na kuingia kwenye miti, kwa hiyo Liza alizidi kutangaza kwenye kitu kinachozidi kumeguka. Katika toleo moja aliongeza kwamba macho yake yamefifia na majibu asomewe na mchungaji. Mimi nilikuwa sekondari wakati huo, nina aibu zangu na simu yangu, nikamsomea Baba huku nimesimama. Yeye aliishika karatasi kwa viganja vyote viwili, chini, kama anakinga maji.

Kisha likaja toleo lisilo na tangazo. Nilikuwa chuoni, alinipigia simu nirudi wikendi. Tulipitisha kidole safu zote, ukurasa wa ndani na wa nje. Kulikuwa na mtu anauza kabati. Kulikuwa na harusi. Nikamwambia Baba, kwa ile sauti ya msomi niliyokuwa nimeipata, kwamba pengine hapa ndipo mwisho, na kwamba hatutajua kamwe ni mwisho wa aina gani. Baba akalirudisha gazeti kwenye mfuko wake.

"Labda wiki hiyo walikosa nafasi," akasema. "Hili linalofuata bado sijalipata."

Hakulipata. Kiharusi kilifika kwanza.

Mwezi uliopita, Jumapili ya kwanza, tulimsukuma Baba kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbini kwa mara ya kwanza tangu augue. Watu walimshangilia, wakamwekea nafasi pembeni ya safu yetu. Ibada ikaisha, vifuniko vikabaki vimefungwa, Mama Espe akauliza nani ana mtu wake. Akasimama mmoja, akasimama mwingine. Kisha kukawa na kimya chenye ukubwa wa Baba. Watu hawakugeuka kututazama, na huko kutogeuka nilikusikia mgongoni. Mama alikuwa akimfunika Baba miguu. Baba alikuwa anamtazama Mama Espe, mdomo wazi kidogo, mkono wake mzuri umekamata chuma cha kiti. Mama Espe alingoja kuliko kawaida yake. Kisha akasema chakula kiko tayari.

Domitila hakutangazwa. Tangu siku hiyo ndipo usingizi uliponikimbia. Niliwaza: aliyekuwepo ukumbini akiwa mgeni atadhani amepatikana. Niliwaza: aliyekuwepo siku zote atadhani tumechoka. Kisha nikawaza upande wa pili. Mimi ni nani wa kumtangaza? Sikuuona ule mto. Gauni la njano nimeliona kwenye penseli zangu tu. Akiwa hai ni mama mtu mzima, hana haja na gauni lenye mfuko mmoja. Akiwa amekufa, ninamwekea Baba kidonda wazi mbele za watu, naye hawezi hata kuniambia ninyamaze. Halafu nikawaza kwamba labda amekuwa akitamani kuacha miaka yote hii na ugonjwa umempa ruhusa. Mtu anayewaza kama mimi anaweza kuthibitisha jambo lolote.

Nikaamua nimuulize mwenyewe. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, pale gerejini, kati ya maboksi.

"Baba, nimtangaze Domitila?"

"Sawa," akasema.

Moyo wangu ukatulia, kwa muda wa pumzi moja. Kisha, kwa sababu mimi ni mimi, nikauliza tena.

"Au nisimtangaze, Baba? Tumwache?"

Alinitazama muda mrefu. Midomo yake ilisogea, ikajaribu umbo moja, ikajaribu jingine, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilitamani nimpe neno, neno lolote, hata la Kiingereza.

"Sawa," akasema.

Nilimpangusa jasho. Tulikaa pale wote wawili, hakuna anayeweza kumsaidia mwenzake, mpaka Mama alipotuita chai.

Mama alikuwa amenipatia mtu wa mjini anayenunua magazeti ya kale; nilimpigia simu nikamwambia siuzi. Maboksi nimeyahamishia chumbani kwangu. Yamepangwa ukuta mzima na mengine yako chini ya kitanda, na nikijigeuza naisikia harufu yao. Mama amesema atanitafutia mume anayekula karatasi. Sikuamua hivyo kwa sababu nimepata jibu. Niliamua baada ya kulitoa lile toleo la mwisho, la mtu anayeuza kabati, na kumkumbuka Baba akilirudisha mfukoni. Kwa miaka yote ile hakuwahi kukubali kwamba ukurasa mmoja mtupu ni mwisho. Mwezi uliopita tulikosa nafasi, basi. Toleo linalofuata lilikuwa Jumapili hii.

Kwa hiyo Jumapili hii Mama Espe alipouliza nani ana mtu wake, nikasimama. Nikasema anatafutwa Domitila, binti wa Rufino na Melaniya, ni shangazi yangu. Nikasema mto, mama jirani, gauni la njano lenye mfuko mmoja, kovu chini ya kidevu. Sikuongeza wala sikupunguza. Sikuthubutu kumtazama Baba. Niliuona tu mkono wake wa kushoto, ukiwa umelala juu ya goti, na sikuweza kujua kama umepumzika au umekata tamaa.

"Tumesikia," wakasema.

Nilikuwa nimeanza kuketi. Mama Espe amezeeka sasa, anasimama kwa kushikilia meza, lakini sauti ni ileile. Akanikazia macho.

"Na yule wako wa Virginia," akauliza, "alishapatikana?"

Nadhani nusu yao hawakujua anasema nini.

"Bado, Mama."

"Basi mtangaze."

Nikasimama wima tena, nikaanza na jina la mama yake.